Mpaka Magotini

Miaka hamsini na miwili ziwa nililijua mpaka magotini:
magoti ya kuteka, magoti ya kufua,
magoti ya kusugua sufuria kwa mchanga wa Luchelele,
na mama nyuma yangu: "Inatosha hapo, Limi.
Hapo mbele ni pa wenye mitumbwi."

Nimelinywa. Nimelipikia. Limenipa kichocho mara mbili
na ada ya watoto watatu.
Ndani sikuwahi kuingia.

Sasa nimekaa ukingoni mwa boti kama gunia la mpunga,
mgongoni mtungi, kiunoni risasi kilo nane,
na Shigela, niliyemfundisha kuhesabu darasa la pili,
ananihesabia mimi: moja, mbili...
"Mwalimu, usizuie pumzi. Mengine yote nitakusamehe."

Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Mimi nimeyavalia.
Nimevaa mpira unaobana tumbo lililobeba watatu,
nimevaa mapezi, nikaenda kinyumenyume kama bata mwenye deni;
vijana wa dagaa waliacha kuanika, wakacheka mpaka wakakaa.

Haikuanza kwa ushujaa. Ilianza kwa tundu.
Kikundi chetu kina vizimba viwili vya sato.
Fisi maji hutoboa wavu usiku, asubuhi tunahesabu hasara,
na mzamiaji anataka elfu arobaini kabla hajalowa.
Kikaoni nikasema, "Kwani huko chini kuna nini?"
Nyabise akafunga daftari. Wakanitazama wote.
Ulimi ulinitangulia majini.

Siku ya kwanza nilimeza ziwa.
Siku ya pili sikio la kushoto liligoma
kama mtoto aliyeona sindano.
Siku ya tatu nilimwonyesha Shigela dole gumba, yaani safi,
naye akanipandisha juu.
Kumbe chini kule dole gumba ni kupanda;
safi ni duara, kidole na kidole.
Usiku nikafanya mazoezi ya duara kitandani, gizani,
mume wangu akauliza naongea na nani.

Siku ya nne ikawa saa ya hewa: tarakimu ndogo kama mayai ya chawa.
Macho yangu ya karibu yalistaafu kabla yangu.
Fundi wa miwani pale Makoroboi
akakata vioo vya miwani yangu ya kusahihishia,
akavigandisha ndani ya barakoa.
"Hii sijawahi kumtengenezea mtu," akasema. Hakunidai.

Umri umekwenda, dada yangu ananiambia kwenye simu.
Umekwenda wapi? Mbona niko nao hapa,
mita sita chini, unapumua kama mvukuto wa mfua vyuma.
Maji ni kijani, mazito kama ya mlenda;
mkono wangu siuoni mpaka niulete puani.
Sijali. Mambo yangu siku hizi yote ni ya karibu.
Na ule moto unaonipanda shingoni bila hodi
ulinifuata, ukafika mita nne,
ukageuka.

Wavu unavuta na kuachia, unavuta na kuachia.
Upande wa pili sato wanapita mmoja mmoja,
kila mmoja ananikagua kwa jicho moja.
Tundu ni sawa na kiganja changu.
Fundo la kwanza likateleza. La pili nalo.
La tatu nikafunga lile la mzigo wa kuni,
nikalivuta kwa miguu yote miwili ukutani pa wavu,
likavumilia.

Saa: tisini. Nimesoma mwenyewe.
Nikamwonyesha Shigela dole gumba,
na safari hii nilimaanisha.

Jioni Nyabise akafungua daftari:
Mzamiaji, elfu arobaini.
Akasubiri nikatae.
Nikachukua kalamu. Miwani sina, iko ndani ya barakoa;
sahihi ikavuka mstari,
ikaenda mpaka kwenye safu ya mwezi ujao.