Herufi za Nkuhungu

Mwezi wa tatu nilikuwa na harusi sita daftarini,
zote kwa penseli. Ndivyo nilivyofundishwa:
usitie wino kabla hujaona malipo ya awali.
Nilizifuta kwa kidole kilicholowa mate,
moja moja, kila simu ilipoita,
kisha nikakumbuka kunawa.

Kitambaa cha harusi ya Nyemo nilishakimaliza,
mita nne, KARIBUNI yenye mikia,
jina la bibi harusi likiegemea la bwana.
Hawakuja kukichukua.

Ikaja kazi ya ndoo.
Ndoo yenye koki mlangoni kwa kila duka,
nami nikaandika NAWA MIKONO hadi nikaota,
mia tano kwa ndoo.
Mwenye duka la dawa alitaka herufi za kupendeza.
Wa bucha akasema, andika tu, nani atasoma.
Ugonjwa ulioninyang'anya sahani
ukaniletea maji ya kunawa.

Nazo ndoo zikaisha.
Mtaa una milango yake, haizai.

Chilongani alikuwa akipiga zeze hotelini,
wageni wa semina wakila bila kugeuka.
Semina zikahamia kwenye simu.
Akauza spika, halafu viatu vyake vyeupe,
halafu akaenda Mpunguzi kuchuma zabibu za watu.
"Vidole vina sukari," aliniambia, "nyuzi zinaninasa."

Alhamisi akaja na zeze ndani ya salfeti
na kipande cha boksi.
"Niandikie LINAUZWA. Herufi zako zinaonekana mbali."

Sikumuuliza bei.
Nikachukua chokaa, nikaacha rangi.
Akaona. Akanyamaza.
Mvua huku hairudi hadi Desemba,
lakini upepo wa Dodoma hauna likizo.

Jioni mama Sechelela wa cherehani
akaja kukiulizia kile kitambaa.
"Kimelala bure," akasema, "na watu wana midomo."
Tukapata barakoa arobaini. Tukagawana pesa,
yeye akanidai uzi.

Asubuhi nikamwona kijana wa maji
akisukuma baiskeli na RIBU mdomoni.
Nyuma yake binti kavaa NYE,
na mzee mmoja, mkali, hataki salamu,
na mkia wa herufi shavuni.
Niliwafuata hadi sokoni
nikijaribu kuisoma harusi nzima.