Usianze na Rangi

Maregesi, weka chini hilo kopo.
Buluu ni nzuri, sikatai,
na jina lake, *Deni la Dunia*, litasomeka hadi Kome.
Lakini mimi nimetangulia kuingia kibandani leo alfajiri,
na pua yangu haikwenda shule, ila husoma:
gunia la muhogo lililosahauliwa,
kanzu ya marehemu sandukuni.
Hiyo ni kuvu. Imehamia. Haikulipa nauli.

Tangu Machi umeifunga mashua
hapa Igombe, kati ya mawe mawili,
ukaivika turubai, ukaikaza kamba kama robota la mitumba,
ukasema: sasa mvua haiingii.
Kweli, haikuingia.
Na pumzi ya ndani, ulimwachia nani aitoe?
Godoro la sponji, maboya thelathini,
shuka la nahodha, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto,
vyote vimekaa gizani vikipumuliana usoni,
usiku vikitoka jasho, mchana vikinyweshana jasho lilelile,
mpaka dari limeota ndevu.

Inama utazame.
Hapa nyeusi, vidole vya mtoto aliyechezea mkaa.
Hapa kijani. Hapa nyeupe, laini,
mtu angedhani sembe imemwagika.
Usipulize! Ukipuliza itapanda, ikushukie kifuani.
Nyakaho alilala humu wiki moja akilinda injini;
mpaka leo anakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Shemeji yangu wa Tanga hutucheka.
Kwetu, asema, chumvi hulinda mbao bure.
Sisi tumepewa maji ya kunywa.
Maji matamu, Maregesi, na kila kitu huyapenda,
kuoza nako.

Kazi yenyewe si uganga.
Toa vyote nje, hata kalenda ya mwaka juzi.
Godoro usilihurumie, limekwisha.
Maboya yaanike juu ya mawe, uyageuze kama samaki,
tumbo, kisha mgongo.
Mbao nitazifuta kwa siki, polepole, kufuata nyuzi zake,
kwa kitambaa kibichi; brashi kavu hupanda mbegu.
Halafu sabuni ya mche. Halafu jua, jua, jua.
Na ngama! Inua mbao za sakafu
ukumbe yale maji meusi uliyoyazoea,
yale unayoyaita "kidogo tu".
Kidogo tu ndiye mama yao.

Jana nilikwangua kona kwa kisu.
Nyekundu. Chini yake kijani. Chini yake nyeupe.
Na kati ya rangi na rangi, kuvu,
kama siagi ndani ya mkate.
Kila Pasaka umekuwa ukiizika ikiwa hai,
ukiialika na wageni waje kusifu kaburi.

Usinune. Sikuja kukuhubiria.
Nyumbani kwangu kuna chumba
sijakifungua tangu Bituro aondoke na begi lake.
Nikipita huziba pua, nasema ni panya.

Basi, toboa matundu mawili:
moja omo, moja tezi, yatazamane.
Yafunike kwa wavu mwembamba,
maana wale wadudu wa ziwa wakija kama moshi
hawaulizi mwenyewe yuko wapi.
Upepo uingie huku, utokee kule,
hata mashua ikiwa imelala, hata wewe ukiwa umelala.
Na turubai lisikumbatie; liinuliwe kwa fito,
lisimame kama mwavuli, si kama sanda.

Rangi tutaiongelea Jumatano,
nikigusa mbao na kiganja changu kisirudi baridi.
Mvua ikinyesha, Jumatano ijayo.
Kopo likalie kwa sasa, lakini likalie kule mbali.
Hapo mlangoni ulipo
unanizibia upepo.