Pasi Haipandi Meli

Sanduku limelala kitandani tangu alasiri,
mdomo wazi kama kinda la ndege,
nami nalizunguka, sijui nianze kulilisha nini.

Mishi kanitumia karatasi, kurasa tatu, herufi za sisimizi.
Mjukuu akanisomea barazani:
Usije na birika la umeme. Usije na mshumaa.
Usije na udi wala chochote kinachofuka.
Usije na pasi.
Nikamwambia, rudia hapo.
Usije na pasi, bibi. Marufuku.

Miaka thelathini na minane, Barabara ya Nane, Ngamiani,
nimesimama nyuma ya meza moja
nikinyoosha kanzu za maharusi, sare za manesi wa Bombo,
suruali za makarani wa mkonge, enzi mkonge una makarani.
Kumbe kuna mahali duniani
pasi inazuiwa mlangoni kama mlevi.

Haya. Tuanze na vyepesi.
Dawa za presha: za siku saba, na za siku tatu juu yake,
maana meli ina mwenyewe, bahari haina.
Ziende kwenye mkoba wa begani;
Mwanamkuu alikwenda Hija, sanduku lake likaenda Jakarta.
Tangawizi kavu, tumbo likianza kuuliza maswali.
Miwani. Na miwani ya pili, ile ya mguu wa uzi.
Kanga doti mbili: ya kuvaa na ya kuazima,
hakosekani aliyesahau.

Vazi la kuogelea alilotuma Mishi
nimeliinua kwenye mwanga wa dirisha.
Soksi ya marehemu ilikuwa na kitambaa zaidi.
Nimeliweka. Chini kabisa, lakini nimeliweka.

Samaki wa kukaanga, karatasi imekataa.
Eti chakula kipo usiku na mchana,
unajipakulia, hakuna anayehesabu.
Nitaamini nikikiona.
Kashata sita zimo ndani ya kiatu cha kushoto.

Sasa vya kubaki.
Inabaki meza. Unabaki mkaa, nusu gunia.
Daftari la madeni nililipima kiganjani:
zito kuliko viatu, na nusu ya majina yake
yameshazikwa bila kulipa.
Nikataka kulirudisha chini ya godoro.
Nikampa Bi Mwanatumu, awashie jiko.

Na shati namba arobaini na moja?
Jeupe, la mikono mirefu. Mwenyewe alisema
atalipitia Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.
Kila mwaka nalifua, nalinyoosha,
nalirudisha kwenye msumari wake nyuma ya mlango,
namba kifuani kama mfungwa.
Karatasi inasema melini kuna usiku mmoja
watu wote huvaa wakapendeza.
Nimelijaribu. Mabega yamekaa.
Nimelitundika.
Nimelishusha.
Nimelitundika tena, nikaenda kuswali,
nikarudi na mkasi mdogo, nikaitoa namba.

Semhando alinipimia sanduku kwenye mizani yake ya mbata:
kilo tisa. Ruhusa ni ishirini na tatu.
Akaniuliza, dada, unasafiri au unatania?
Nikamjibu, wenyewe mwasema Tanga waja leo waondoka leo;
mimi nilikuja nikiwa mwari, leo ndiyo naondoka,
na siku ya nane nimerudi, usinipangishie chumba.

Basi la Horohoro ni saa kumi na mbili alfajiri.
Ufunguo kwa Bi Mwanatumu. Paka kwa Bi Mwanatumu.
Taa nimezima.

Usiku nimeamka mara mbili kuigusa pasi.
Baridi.
Mara ya tatu nimeigusa kwa mgongo wa mkono,
kama mtu anavyomgusa mtoto aliyeshinda na homa.
Baridi.
Nikakaa nayo kidogo, gizani,
mpaka nikasikia jogoo wa Semhando.