Hatua Inayofuata

Saa kumi alfajiri, Buffalo. Mji wenye jina la nyati
umelala chini ya theluji ya ziwa, mgongo mweupe.
Mimi niko jikoni, soksi mbili mbili miguuni,
chai ya tangawizi imeshapoa mara ya pili,
na swali la mia nne na kumi na sita linanisubiri:

Mwanamume, umri miaka hamsini na minane, dereva wa lori.
Akilala, pumzi zinambana. Miguu imevimba.
Hatua inayofuata ni ipi?

Majibu matano. Moja tu ndilo bora,
na manne yaliyobaki si makosa, yamepungua kidogo tu,
kama majirani wema waliochelewa kufika msibani.

Figo nimezisoma wiki tatu.
Sodiamu ikishuka, nashuka nayo;
ukiipandisha kwa pupa, ubongo ndio utakaolipa.
Haraka haraka haina baraka, nimeandika pembeni kwa penseli,
na katika kanuni zote za sodiamu
hiyo peke yake haijanitoka kichwani.

Ini lilinitaabisha. Kitabuni ini ni vimeng'enya,
namba mbili zinazokimbizana kwenye karatasi ya maabara.
Kwetu ini ndilo linalokatwa
mtu akiletewa habari asiyoitaka.
Na nyongo? Rafiki hutumbukia humo, asitoke.
Na moyo: kurasa mia moja na themanini za moyo,
na hakuna hata ukurasa mmoja ambapo umepigwa konde.

Jana, zamu ya usiku, chumba cha kumi na moja,
Bwana Wojtowicz, fundi wa zamani wa kiwanda cha chuma,
aliona kadi zikichungulia mfukoni mwa koti langu.
"Daktari, bado unasoma? Ukubwa wote huo?"
Nikamwambia ni mtihani wa bodi, wiki ijayo,
kutwa nzima kitini mbele ya kioo.
Akacheka mpaka mashine ya oksijeni ikalalamika.
"Basi niulize mimi."
Nikamuuliza dalili za moyo kushindwa.
Akazitaja, bila mpangilio wa kitabu:
mito mitatu kitandani;
viatu vilivyokataa kuingia siku ya ubatizo wa mjukuu;
kusimama ngazi ya nne
ukijifanya unatazama picha ukutani;
na mke aliyehamia chumba kingine kwa sababu ya kikohozi,
asirudi hata kikohozi kilipokwisha.
Hiyo ya mwisho haimo kitabuni. Nimeiandika.

Simu. Mama, kutoka Muheza, kwake ni adhuhuri.
"Wewe si daktari tayari? Wanakupima mara ngapi?"
Nahesabu: Dar es Salaam, kisha mitihani ya kuingilia huku,
kisha miaka mitatu ya zamu, na sasa huu.
"Sijui, mama. Nimepoteza hesabu."
"Hata bi harusi huulizwa mara tatu tu," anasema,
na kukata kabla sijamuuliza sukari yake leo imesoma ngapi.
Alijua nitauliza. Ndiyo maana amekata.

Nafungua swali jingine.
Mwanamke, miaka sitini na saba. Sukari. Presha.
Anaishi peke yake. Anasema dawa hakosi.
Hatua inayofuata ni ipi?

Naitazama A mpaka E kwa muda mrefu.
Nachagua C. Ni sahihi.
Asilimia sabini na moja ya wenzangu wamechagua hiyo hiyo,
nao sijui kama walimwona mtu yeyote.

Naacha kalamu, nampigia.
Inaita, inaita, inaita.
"Nane nukta tisa," anasema, bila hata salamu.
"Ulikula nini?"
"Mwanaidi. Soma."

Nje gari la theluji linapita, linakwangua mtaa,
taa yake ya manjano inazunguka dari la jikoni mara moja,
na nyuma yake barabara imeanza kujaa upya.
Napasha chai. Mia nne na kumi na nane.