Seti Haivunjwi

Jumapili, misa ya pili ikitoka,
wenzangu wanakimbilia maandazi.
Mimi nabaki mlangoni mwa parokia, hapa Kadutu,
pua karibu na karatasi iliyobandikwa kwa uji wa muhogo,
nasoma wanaotaka kuoana.
Tangazo la kwanza. La pili. La tatu.
Padri anauliza kama yupo anayejua kizuizi.
Sijui kizuizi. Natafuta namba za simu.

Daftari langu ni la hesabu, la miraba,
jalada lake limeliwa na mvua ya Bukavu.
Ciruza na Nabami, wa Panzi: nyota,
maana shangazi ana duka.
Murhula na yule binti wa Bagira: mkia wa panya,
maana ukoo mzima unakopa.

Kanisa halinitoshi.
Fundi Kahasha wa Essence, kwa soda moja,
ananitajia nani amepimwa kiuno mara mbili mwezi huu.
Muuza mbuzi hata soda hataki, anapenda kusema tu:
kijana akinunua mbuzi wanne
na hajui kushika kamba,
huyo anakwenda kufunga mlango.

Ndivyo tunavyosema kwetu. Kufunga mlango:
bahasha juu ya meza ya wakwe,
wanaume wengine wasibishe tena.
Mlango ukishafungwa,
hapo ndipo mimi nabisha.

Bwana Zihindula alitufundisha
katika chumba cha kukodi, Nyawera, feni haizunguki:
“Wiki ya kwanza wana haya.
Wiki ya tatu wana madeni.
Piga wiki ya pili, wangali wanahesabu wageni.
Anza na hongera, bei itakuja yenyewe.
Na seti haivunjwi! Sufuria tano, vifuniko vitano,
dola themanini kwa miezi minne.”

Basi Jumatano, wiki ya pili,
nikampigia Nsimire wa Cimpunda.
“Hongera,” nikasema, hata kabla ya jina langu.
Kimya.
Nyuma yake mtu alikuwa anatwanga sombe.
“Hongera ya nini, mama?
Hiyo karatasi yenu haijapata habari.
Mbuzi wamerudi jana. Watatu.
Mmoja tulishamla.”

Nikashika kalamu nimkate.
Kinu kikanyamaza.
“Lakini unayo ile ndogo?
Ya mtu mmoja?”

Nilipanda Cimpunda na seti kichwani,
tope hadi kwenye vifundo,
nikijifunza njia nzima namna ya kumwambia hapana.
Alinifungulia akiwa na unga mikononi.
Chumba cha kupanga, godoro bado ndani ya nailoni,
babula moja, makaa mapya.
Nikafungua kitenge. Kubwa, ndani yake nyingine,
ndani yake nyingine, hadi ile ya mwisho
iliyong’ang’ania kama jino la mtoto.
Nikaivuta. Ikatoka.

Aliijaza maji palepale, hata kuisuuza hakuisuuza,
akatupa majani ya chai.
Ya mtu mmoja, lakini tulikunywa wawili,
kwa zamu, kikombe kilikuwa kimoja.
Yule mwanamume hatukumtaja.
Alinisimulia habari za yule mbuzi aliyeliwa:
alikuwa mgumu, alichemka tangu asubuhi.

Akanilipa noti ya dola kumi
iliyopasuka pembeni, upana wa ukucha,
ile ambayo mji huu wote unaikataa.
Nikaikunja, nikaitia kifuani.

Nne zilizobaki, bila ndogo yao,
ziligongana kichwani mwangu mteremko wote,
watoto wakanifuata wakidhani nauza kengele.
Bwana Zihindula bado ananidai maelezo.
Noti ninayo mpaka leo.

Na Jumapili hii karatasi ina majina saba mapya.
Nitapiga, wiki ya pili, kama kawaida.
Ila siku hizi, kabla ya hongera,
nauliza kwanza habari za mbuzi.