Moja katika Arubaini

Simu ya meli ilikuwa baridi sikioni.
Kaka Shaame akasema: Baba katutoka alfajiri,
tumemzika adhuhuri, Jadida.
Mkononi nilikuwa na chujio la kumi na tisa,
duara la karatasi, upana wa sarafu,
hudhurungi kama chai iliyosahauliwa kikombeni.
Niliandika tarehe na saa, maana thoriamu haingoji.
Kisha nikakaa juu ya ndoo.

Sasa niko Wete. Mama anakaa eda,
hana wanja, hana udi, ana ungo wa mchele.
Ananiuliza hasa ni nini
nilichokifuata kwenye barafu
hata nisimuwahi mumewe.

Namwambia: Mama, bahari yote ina urani,
kidogo, imeyeyuka pamoja na chumvi,
haina haraka, umri wake ni wa dunia.
Nayo huzaa. Mwanawe ni thoriamu,
mtoto wa kuambata, hawezi kukaa peke yake majini.
Hung'ang'ania chochote kipitacho:
kinyesi cha kamba wadogo, maganda ya vijimea
vilivyokula hewa ya ukaa kiangazi kizima
chini ya jua lisilotua.
Vikizama, huzama navyo.
Maji yakitulia, mzazi na mwana huwa sawasawa.
Tukikuta mwana kapungua, twajua
hapa kuna kitu kimekwenda chini,
na kwa kadiri alivyopungua
twapiga hesabu ya kaboni iliyozama.

Mama akapuliza pumba.
"Kwa hiyo walikulipa
ukapime kisichokuwapo."

Ndiyo.

"Basi hiyo ni kazi ya baba yako."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Miaka thelathini na mmoja
Baba alisimama kwenye mizani ya kituo cha karafuu.
Hutia mkono guniani, huvunja punje moja kwa kucha,
husikiliza mlio wake, kabla hajatazama namba.
"Hii ina maji bado, Bi Mize.
Siku mbili jamvini, kisha urudi."
Walimtukana. Wengine walimletea kuku.
Kuku aliwarudisha, matusi akabaki nayo.

Na humu ndani, nipime wapi?
Msumari wa kanzu, hauna kanzu.
Mama angali anapika wali wa watu wanne,
asubuhi tunakula kiporo, hatusemi kwa nini.

Nusu ya thoriamu hutoweka kwa siku ishirini na nne.
Usiku mmoja, usingizi umenikimbia,
nilipiga hesabu nyuma ya bahasha ya rambirambi:
eda ya Mama, miezi minne na siku kumi,
nusu, na nusu ya nusu, mara tano na ushei.
Siku atakayooga akatoka nje,
ndani ya chujio langu la kumi na tisa
itakuwa imebaki sehemu moja katika arubaini.
Kiwango cha zaka.
Nikaipiga tena. Bahasha ikajibu vilevile.

Sisemi kuna siri. Hesabu hugongana tu,
kama watu wawili mlangoni,
mmoja anatoka, mmoja anaingia na sinia.

Ikitimia miezi sita tutahesabu mara ya pili.
Thoriamu itakuwa imekwisha, na mashine bado italia,
tik, kimya, tik,
mlio wa vumbi, wa kuta, wa anga yenyewe.
Huo nao huandikwa, kisha hutolewa,
ili ijulikane ipi hasa ilikuwa yake.
Hii sikumwambia Mama.

"Na hicho kilichozama," akauliza, "hakirudi?"
Hurudi, nikasema. Maji ya chini yakija kupanda,
baada ya karne, pengine kumi.

Akatikisa ungo. Ilikuwa siku ya hamsini na tatu.
"Karne kumi si nyingi," alisema.
"Niletee maji. Mchele uko tayari."