Swali la Nne, Alama Kumi na Tano

Kalamu nyekundu tumeiazima kwa mpwa wake Shufaa,
yuko darasa la sita, anaitaka asubuhi.
Karatasi ni migongo ya fomu za leseni za mwaka juzi
nilizoziokoa ofisini kabla hazijachomwa.
Simu iko kati yetu juu ya daka, inahesabu kushuka:
dakika ishirini na saba.
Langoni watu wametoka Isha. Punda wa Lali amefungwa,
anapiga ukwato ukutani
kama msimamizi wa mtihani aliyechoka kungoja.

"Eleza hatua utakazochukua, ukiwa afisa wa umma,
kushughulikia malalamiko ya wakazi kuhusu huduma ya maji."

Naandika. Mwendo wake nimeshaujua:
kwanza ufafanuzi, halafu wadau,
halafu uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji,
kila hoja imepigiwa mstari kwa rula,
na mwisho aya inayoanza "Kwa kuhitimisha,"
maana anayesahihisha ana vitabu mia tatu mezani
na jicho lake, wanasema, hutua penye mistari tu.

Simu inalia. Tunabadilishana karatasi
kama watu wanaopeana mtoto mchanga,
mkono chini ya shingo.

Shufaa hana huruma. Alifeli mwaka jana kwa alama mbili
na tangu hapo anazitafuta kwenye majibu ya wenzake.
Ukurasa wa kwanza: "Wadau gani? Wataje."
Ukurasa wa pili: "Sentensi hii imevaa suti, haina miguu."
Penye neno "mai" amezungusha duara mara mbili:
"MAJI! Uko ofisini, si kwenu."
Sikujua kama nimeliandika. Lilitoka lenyewe,
usiku, bila viatu.
Chini kabisa: sita.

"Sita?"
"Nimesoma kurasa tatu, sijaona tone."

Mimi nimempa tisa. Mbili kati ya hizo ni woga.

Ndipo Bi Esha wa nyumba ya pili akasimama mbele yetu,
ndoo mkononi, buibui limelowa upindoni.
"Nyinyi si ndio muandikao? Basi niandikiani.
Mai ya kisima yamengia munyu, mfereji hautoi,
na yule kijana wa ofisi yuwanambia nilete barua.
Barua! Mimi nimemtilia ndoo mezani."
Akatusogezea kata. Tukaonja.
Shufaa alitema pembeni, kwa adabu.

Nikageuza fomu nyingine.
Nyumba kumi na moja. Mzazi mmoja wa siku tisa.
Mfereji ulikauka lini, nani aliambiwa, alijibu nini.
Tunaomba kisima kipimwe, na mpaka hapo
mfereji ufunguliwe walau siku mbili kwa wiki,
na jibu lije kwa maandishi kabla ya Alhamisi.
Rula ilikuwa chini ya paja langu, sikuikumbuka.
Hakuna aliyewasha saa.

Shufaa akaichukua. Mazoea mabaya:
kalamu nyekundu ilikuwa imeshainuka.
"Tarehe hujaweka. Toa moja.
Cheo cha unayemwandikia hujataja. Toa moja."
Akanyamaza. Akasoma tena kutoka juu.
"Kumi na tatu."

"Kumi na tatu za nini?" Bi Esha akang'aka.
"Nyumba ni kumi na moya!"

Shufaa aliiangalia ile "moya" ikipita hewani
na hakuigusa.

Barua ikakunjwa mara nne, ikatiwa kifuani.
Ndoo ikaondoka ikimwagika kidogo kila ngazi.
Tukaweka tena dakika ishirini na saba,
swali lile lile.
Nikaandika: "Nyumba kumi na moja."
Nikasita. Mtihani ni mwezi ujao, Mombasa,
na mtahini hanywi maji ya Langoni.
Nikatafuta rula.

"Usifute," akasema, hakuinua uso,
naye alikuwa akikata "wadau" wake mmoja mmoja.

Wino mwekundu umebaki kiasi cha ukucha.
Asubuhi mtoto atatuuliza
usiku kucha tulikuwa tukimsahihisha nani.